Mashapo, si machicha

Kwenye chupa nyingi za Muscadet, divai nyeupe ya Nantes, magharibi mwa Ufaransa, huandikwa maneno *sur lie*. Wapo watakaofasiri "juu ya machicha". Napinga kwa moyo wote. Machicha ni kinachobaki baada ya kukamua, kama ya nazi. *Lie* ni chachu iliyomaliza kazi yake, ikafa na kutuama chini ya tangi. Hayo ni mashapo, tena mashapo yenye faida: divai hulazwa juu yake kipindi chote cha baridi, wala haitiwi chupani kabla ya Machi inayofuata mavuno. Hapo ndipo inapopata unene mdomoni na kamchomo kadogo ka gesi.

Zabibu zake, Melon de Bourgogne, zilienea huko baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu mingine.

Ni divai kavu, yenye uchachu safi. Huliwa nayo chaza wabichi wa Atlantiki, kome, na samaki wa mto Loire kwa mchuzi wa siagi iliyopigwa na siki na vitunguu vidogo. Nyama ya ng'ombe huizima kabisa.