Msongo wa mawazo: vyanzo vyake katika maisha ya kila siku

Msongo wa mawazo ni hali ya mtu kubanwa na mzigo unaozidi nguvu zake. Mwili huuchukua mzigo huo kama hatari: hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio, misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Isipopita, usingizi hukatika, kichwa na tumbo huuma, na hasira huwa karibu.

Kwetu mashariki mwa Kongo, vyanzo vyake vikubwa ni hivi:

Feza. Garanti ya nyumba hudaiwa kwa dola, huku mama anayeuza sokoni hupata franka. Elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure tangu 2019, lakini minervali ya sekondari imebaki kwa mzazi. M23 ilipoteka Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zilifungwa. Hata mwenye akiba hakuweza kuigusa.

Usalama. Risasi zikinyamaza, hofu haiishi siku ile. Mlango ukigongwa usiku, nyumba nzima hushtuka.

Nyumba. Jamaa waliokimbia vita hupokelewa, na chungu kile kile hulisha watu maradufu. Mgeni huona aibu; mwenyeji huogopa kusema kwamba amechoka.

Kanisa. Michango, vikao na huduma hufuatana bila pumziko. Tena aliyelemewa huambiwa hana imani, na huo ni mzigo juu ya mzigo.

Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alichoka hata akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Eliya alilala, malaika akampa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu, na huko Mungu akasema naye.

Basi ndugu akisema amelemewa, tumwulize kwanza mzigo unatoka wapi. Deni la minervali linahitaji mashemasi. Mwenyeji aliyechoka anahitaji jirani wa kuleta unga. Aliyekosa usingizi kwa majuma mengi apelekwe kituo cha afya. Anayetamani kufa asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe siku hiyo hiyo. Maombi yaandamane na msaada huo wote. Yasiwe sababu ya kuuacha.