Huria: haki, posho na moyo wa kujitolea

Huria ni sifa ya programu au data ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuisambaza.

Wengi huichanganya na bure. Lakini soko huria lina bei, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni, kinatoza ada. Huria inataja haki ya mtumiaji. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, leseni ndiyo iliyofungua njia: watafsiri walikuwa tayari na ruhusa ya kuigusa programu.

Wengine huichanganya na kujitolea, na hapo Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, inatufundisha. Baada ya wakazi wa Tandale kuchora mtaa wao mwaka 2011, mradi huo ulianza mwaka 2015 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam walipita vichochoroni pamoja na wenyeji, wakiandika majengo, mifereji na mahali maji yanapotuama, kisha wakayaweka yote kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Mwanafunzi alikuwa akitafuta ujuzi, mkazi alitaka mafuriko yapungue, na mfadhili alihitaji data. Kila mmoja alikuja na lake, na ramani ikabaki ya wote, kwa sababu leseni haiulizi nia ya mtu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kuwalipa wachoraji posho huua moyo wa kujitolea. Kibarua wa Temeke akiacha kazi kutwa nzima, nyumbani hakuna chakula. Tukimtaka afanye bure, ramani itachorwa na wenye nafasi peke yao. Hatari ni posho kuwa sababu pekee: mradi ukifungwa, mifereji mipya haiandikwi na ramani inazeeka. Inayodumu ni ile ambayo serikali ya mtaa inaitumia kila masika, hivyo ina sababu ya kuitunza.

Napendekeza basi tutenganishe istilahi. Anayefanya kazi bila malipo tumwite mjitoleaji. Kila anayeongeza kitu kwenye kazi huria, alipwe au asilipwe, ni mchangiaji, na mchango wake upimwe kwa ubora wake.