Hii Inapigwa Wapi?

Kwenye gereji moja hapa Njoro, Moshi, kijana alileta helikopta ya kuchezea, ile ya kuongozwa kwa rimoti, yenye injini ya mafuta ndogo kama ngumi ya mtoto. Fundi aliigeuza juu chini, kisha akauliza: "Sasa hii inapigwa wapi?"

Kwa nini inapigwa? Tunacho kitenzi cha jumla, kuwasha, kilichozaliwa na moto. Kuni huwaka, taa huwaka, injini nayo huwaka, ikigoma, haiwaki. Lakini kuwasha hutaja matokeo tu. Kazi ya mwili ina vitenzi vyake: jenereta huvutwa kamba, gari la betri iliyokufa husukumwa, pikipiki hupigwa kiki, lori la zamani lilipigwa hendeli. Ukisikia kitenzi, unajua ni kiungo gani kitauma jioni.

Hendeli, chuma cha kuzungushia injini, ndiyo iliyotisha. Injini ikirudi kinyume, chuma kiliweza kumvunja mtu mkono. Charles Kettering wa Marekani alibuni stata ya umeme mwaka 1911, na magari ya Cadillac ya 1912 yakatoka nayo. Mkono ukapumzika, lugha ikakumbuka: msaidizi wa dereva wa lori tunamwita taniboi, neno la Kiingereza lililobeba tumboni kitenzi cha kuzungusha. Leo taniboi hufunga turubai na kuweka kigingi kwenye tairi, jina lingali la hendeli. Tena hendeli yenyewe haijafa. Teremka hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini uone pawatila ya dizeli ikizungushwa: mtu hubana wenzo mdogo ili mgandamizo ulegee, akizungusha hadi ipate kasi huuachia, moshi ukatoka.

Swali la fundi, basi, lilikuwa na maana. Ndege ya kuchezea hupigwa panga la mbele. Helikopta hiyo haina panga la mbele, na pangaboi lake la juu hupokea nguvu kupitia klachi isiyoshika mpaka injini ipate kasi. Ukilizungusha kwa mkono, injini hailijui. Huingizwa fimbo ya chuma inayozungushwa na mota ya betri, huku mkono wa pili umeshika kichwa cha pangaboi lisije likamkata mwenyewe. Plagi nayo hupashwa joto kwanza kwa betri ya volti 1.5, injini ikishika, betri hiyo huondolewa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuachana na mafuta. Helikopta nyingi za sasa zina mota ya umeme: unachomeka betri, umemaliza. Hakuna kinachoungua ndani yake, nasi twasema "washa" bila kusita. Kila urahisi unapoingia, kitenzi cha mkono hutoka na kuwasha hubaki. Kiki imekwisha kuhama: anayetafuta kiki leo anatafuta umaarufu, na huenda hajawahi kupanda pikipiki.

Enyi watunga kamusi, stata msiitafutie jina la kifahari; imekwisha kuwa yetu. Njooni gereji za Njoro na kalamu. Chini ya kitomeo "piga", baada ya pasi na simu, andikeni hendeli na kiki, wangali hai waliozipiga.