Historia ya Idhini: Kutoka Simu za Vitufe hadi WASI

Masumbwe, mji wa Wilaya ya Mbogwe uliokuwa upande wa Shinyanga hata Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, umekaa katika barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na mipaka ya Rwanda na Burundi. Na kwa kuwa wapitao humo ni wengi, madereva wa malori, wachuuzi na wachimbaji wadogo wa dhahabu, simu zilizofika katika muongo wa kwanza wa karne hii zilikuwa za kila kiwanda. Hata hivyo kivinjari kimoja, Opera Mini, kilichoenea duniani mwaka 2006, fundi simu aliweza kukiingiza kwa waya au kwa Bluetooth katika viswaswadu vya namna nyingi, Nokia na Samsung kadhalika, pasipo mtu kukiandika upya kwa ajili ya kila kimoja.

Hekima hiyo ni ya zamani. Katika miaka ya 1960 Martin Richards wa Cambridge, alipoiunda lugha ya BCPL, aliona kwamba programu yaweza kugeuzwa kwanza kuwa amri za mashine ya kudhaniwa tu, kisha kila kompyuta ikazifasiri kwa namna yake. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikaifuata njia hiyo kwa lugha ya Pascal katika miaka ya 1970. Na mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ikatoa Java, ambayo James Gosling ndiye aliyekuwa mwasisi wake, nayo ndiyo lugha ya Opera Mini ile ya viswaswadu. Amri hizo za mashine ya kudhaniwa ndizo ziitwazo baitikodi.

Lakini kusikilizana kwa lugha hakutoshi, maana programu isiyoweza kufungua faili, kujua saa wala kutumia mtandao haina faida kubwa kwa mtu. Kwa sababu hiyo simu za Java zilipewa kanuni ya pamoja, MIDP, mwaka 2000, na toleo lake la pili mwaka 2002. Ila ruhusa ya kusoma faili iliachwa kuwa hiari ya kiwanda, hata watunzi wa programu wakalazimika kutoa nakala mbalimbali za kitu kile kile. Wapo waliotafuta umoja: maktaba ya JavaRosa, iliyokusudiwa fomu za afya na utafiti kwenye simu hizo, ilitumiwa ndani ya programu ya CommCare, nayo programu hiyo ikajaribiwa Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo kwa wahudumu wa afya waliozuru kaya.

Dosari nyingine ilikuwa ya idhini. Programu isiyo na sahihi ilipotaka mtandao, simu ilimwuliza mwenyewe kama airuhusu, ikauliza tena na tena, mpaka mtu, akiwa na haraka ya kusoma matokeo ya mpira, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Na idhini itolewayo kwa kuchoshwa si idhini.

Mwaka 2017 vivinjari vikuu vinne vilikubaliana juu ya baitikodi mpya, WebAssembly, na tarehe 27 Machi 2019 Mozilla ikatangaza WASI, kiolesura cha kuitumia nje ya kivinjari, ambacho mwanzo wake ulichota sana kwa CloudABI ya Ed Schouten. Hapa programu haipewi mamlaka yote ya aliyeiwasha: hukabidhiwa folda maalumu tu, mithili ya mgeni wa gesti apewaye ufunguo wa chumba chake, wala si wa nyumba nzima. Na ili kila mwenye mtambo wa kuendesha baitikodi hiyo asiijenge milango hiyo upya kwa makosa yake mwenyewe, kukawa na maktaba moja, wasi-common, iliyotokana na kazi ya Lucet, mtambo wa kampuni ya Fastly, na kutumiwa na Lucet yenyewe na mtambo mwingine, Wasmtime, pia. Mwezi Novemba mwaka huo Mozilla, Fastly, Intel na Red Hat zikaunda Bytecode Alliance.

Lucet imekwisha kuachwa, Wasmtime ingalipo. Na toleo la WASI 0.2, lililopitishwa Januari 2024, limebadilisha mengi ya awali. Kijana wa Masumbwe haioni WASI kwenye simu yake, kwani kazi kubwa ya kiolesura hicho i katika seva za mbali. Lakini faida ya mpango huo ni yake pia, maadamu taarifa zake hupita humo, na swali la nani ameruhusiwa kugusa nini limejibiwa kabla programu haijaanza kazi.