Picha Zilizodumu Kuliko Filamu

Mwaka 1927, katika studio ya Hal Roach iliyokuwa Culver City, California, Stan Laurel na Oliver Hardy walicheza filamu bubu iitwayo Hats Off. Humo wao ni wachuuzi wa mashine ya kufulia nguo. Wanahangaika kuipandisha ngazi ndefu ya mtaani Los Angeles, na mwishowe mtaa mzima unaingia kwenye ugomvi wa kuangushana kofia. Leo haijulikani nakala hata moja ya filamu hiyo.

Tunaijua kwa picha mnato. Studio za zama zile ziliweka mpiga picha pembeni mwa kamera ya sinema, kazi yake kuwapiga wachezaji picha za kupeleka magazetini na kubandika kwenye majumba ya sinema. Yalikuwa matangazo tu. Filamu zenyewe zilikuwa kwenye mikanda ya naitreti, ambayo hushika moto upesi na ikikaa vibaya huoza ikawa unga. Sauti ilipoingia kwenye sinema, nyingi za filamu bubu hazikuwa na wa kuzitunza.

Ndiyo maana nakithamini mno kitabu cha picha cha Laurel na Hardy kilichotolewa mwaka 1975 na John McCabe, Al Kilgore na Richard W. Bann. McCabe aliwafahamu Laurel na Hardy ana kwa ana na alikwisha kuandika habari za maisha yao mwaka 1961. Kilgore alikuwa mchoraji wa katuni. Waandishi hao wanazipitia filamu za Laurel na Hardy moja baada ya nyingine, za kusifiwa na za kusahaulika, kila moja na picha zake.

Na vichekesho vya wachekeshaji hawa wawili vinafaa kutazamwa vikiwa vimesimama. Laurel, Mwingereza wa Ulverston aliyefika Marekani mwaka 1910 katika kundi moja na Charlie Chaplin, na Hardy, mtu wa Georgia, hawakuwa na haraka. Jambo likiharibika, Hardy humgeukia mtazamaji na kumkazia macho, kana kwamba anamwomba awe shahidi wa mateso yake. Kwenye ukurasa, jicho lile halikuondoki.

Wakati mwingine kilichopotea hurudi. The Battle of the Century, ya mwaka huohuo 1927, yenye vita vikubwa vya kurushiana pai za krimu, ilibaki vipande kwa miongo mingi hadi sehemu kubwa iliyokosekana ilipopatikana mwaka 2015. Na wazo la ngazi walilirudia wenyewe, safari hii wakibeba piano, katika The Music Box ya 1932, iliyoshinda tuzo ya Oscar.

Ukikipata kitabu hiki, anza na kurasa za mwaka 1927. The Music Box unaweza kuitazama wakati wowote. Hats Off utaiona pichani tu.