Kocha, Posta na Mtihani: Historia ya Masomo ya Uzamili ya Saikolojia ya Ukocha kwa Masafa na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: elimu masafa ya chuo kikuu na saikolojia ya ukocha. Yanaonyesha kwamba tangu Chuo Kikuu cha London kilipofungua mitihani yake kwa watahiniwa wa nje mwaka 1858, kila taasisi iliyotoa mtihani bila kutoa ufundishaji iliacha pengo, na pengo hilo lilijazwa na mkufunzi binafsi, ambaye katika Kiingereza cha zama hizo aliitwa kocha. Makala yanashikilia kwamba ubora wa shahada ya uzamili ya saikolojia ya ukocha kwa masafa hautegemei chombo kinachoisafirisha, bali unategemea nani anagharimia mazungumzo ya usimamizi kati ya mwanafunzi na mkufunzi wake, na mazungumzo hayo yanafanyika kwa lugha gani.

1. Utangulizi

Kwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili, kocha ni mtu wa kandanda. Husimama kando ya uwanja, hupanga kikosi, na timu ikifungwa hulaumiwa yeye. Hata hivyo, tangu mwanzo wa karne hii neno hilo limeingia katika ofisi, hospitali na idara za elimu likiwa na maana nyingine: mtu anayemsaidia mwenzake, kwa mazungumzo yenye utaratibu, kufikia malengo aliyojiwekea mwenyewe. Saikolojia ya ukocha ndilo tawi la taaluma linalochunguza mazungumzo hayo. Wataalamu wake wa mwanzo, Anthony Grant na Stephen Palmer, walilieleza mwaka 2002 kuwa ni kazi ya kuinua utendaji wa watu wasio wagonjwa, kazini na katika maisha binafsi, kwa kutumia mbinu zenye msingi katika saikolojia. Ukocha, kwa maana hiyo, si tiba, si ushauri nasaha, na si mafunzo ya kazi.

Shahada nyingi za uzamili katika tawi hili hutolewa na vyuo vya nje ya kanda yetu, na mwalimu, muuguzi au ofisa wa Afrika Mashariki anayetaka kuisoma bila kuacha kazi hana budi kuisoma kwa masafa. Hapo mamlaka za ithibati hukabiliwa na swali zito: je, mtu aliyesoma mbele ya skrini anaweza kuaminiwa kukaa na mwenzake ana kwa ana na kushughulikia mambo ya moyo wake? Swali hilo hujadiliwa kana kwamba limezaliwa pamoja na intaneti. Makala haya yanaonyesha kwamba lina umri wa zaidi ya miaka 150, na kwamba historia imekwisha kulijibu kwa sehemu kubwa.

2. Mtihani bila mwalimu

Asili ya neno la Kiingereza lililotupa kocha ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kutengeneza magari ya farasi. Kufikia katikati ya karne ya 19, wanafunzi wa Oxford na Cambridge walikuwa wakilitumia kwa mzaha kumtaja mkufunzi binafsi: yule anayekubeba hadi ng'ambo ya mtihani kama gari linavyombeba abiria. Edward Routh, kocha mashuhuri wa hisabati wa Cambridge, aliwaandaa wanafunzi zaidi ya 600 kati ya 1855 na 1888. Kazi yake inafanana sana na kile tunachokiita leo tuisheni: chuo kilitoa mihadhara na mtihani, lakini aliyetaka kushinda alimlipa mtu wa kumfundisha hasa.

Ni katika zama hizo hizo elimu masafa ya chuo kikuu ilipozaliwa. Hati mpya ya Chuo Kikuu cha London ya mwaka 1858 iliondoa sharti la mtahiniwa kuwa amesoma katika chuo kilichohusishwa nacho. Mtu yeyote aliyeweza kulipa ada na kufaulu angeweza kupata shahada. Yalikuwa mageuzi makubwa, lakini yalikuwa na upungufu mmoja wa msingi: London ilitahini, haikufundisha. Mwaka 1887 William Briggs alianzisha chuo cha binafsi cha kufundisha kwa njia ya posta kilichowaandaa watahiniwa hao. Miongoni mwa wakufunzi wake alikuwa H. G. Wells, ambaye kabla ya kujulikana kwa riwaya zake alikuwa amepata shahada ya London mwaka 1890 na kuandika kitabu cha kiada cha biolojia. Kwa maneno mengine, chuo kikuu kilibaki na heshima ya kutunuku, na ufundishaji ukaachiwa soko.

Mkondo huo ulijirudia Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Rasi ya Tumaini Jema, kilichoanzishwa mwaka 1873 kwa mfano wa London, kilikuwa chombo cha kutahini. Kilibadilishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1916, na mwaka 1946 ndipo kilipoanza chenyewe kufundisha kwa posta. Hata baada ya hapo, mwanafunzi aliyekosa mtu wa kuzungumza naye alitafuta njia yake. Katika gereza la Robben Island, wafungwa wa kisiasa waliosajiliwa kwa masomo ya masafa walifundishana wao kwa wao. Nelson Mandela, aliyeanza kusomea sheria ya London kwa masafa akiwa gerezani, alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA mwaka 1989.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni ya jumla: mtihani ukitenganishwa na ufundishaji, hitaji la mkufunzi haliondoki, linahama tu. Linahamia mfukoni mwa mwanafunzi mwenye uwezo, au mabegani mwa wanafunzi wenzake.

3. Kutoka uwanjani hadi chuo kikuu

Historia ya pili inaanzia Marekani. Mwaka 1925 Coleman Griffith alifungua maabara ya utafiti wa michezo katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu saikolojia ya ukocha. Maabara yake ilifungwa mwaka 1932 kwa kukosa fedha. Mwaka 1938 aliajiriwa na timu ya besiboli ya Chicago Cubs, lakini mapendekezo yake yalipingwa na uongozi wa wachezaji, ambao haukuona msomi wa maabara angewafundisha nini. Taaluma ilikuwa imepata jina kabla ya kupata makao.

Ukocha ulirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alichapisha kitabu kilichodai kwamba mpinzani mkubwa wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe. Waajiri wakalichukua wazo hilo, na mwaka 1992 John Whitmore akaeneza mbinu za ukocha kazini nchini Uingereza. Mwaka huo huo, Thomas Leonard alianzisha Marekani shule ya makocha iliyofundisha kwa simu: wanafunzi walioishi miji mbalimbali waliunganishwa katika laini moja, wakasikilizana na kufanya mazoezi. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa hoja yetu. Ukocha wa kisasa ulikuwa ukifundishwa kwa masafa kabla haujapata idara katika chuo kikuu. Masafa yalikuwapo tangu utoto wake.

Vyuo vikuu vilifuata baadaye. Kitengo cha saikolojia ya ukocha kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2000 chini ya uongozi wa Grant. Chama cha Wanasaikolojia wa Uingereza kiliunda kundi maalumu la taaluma hiyo mwaka 2004, na mwaka 2021 kikalipandisha hadhi kuwa idara kamili ya chama. Shahada za uzamili ziliongezeka, baadhi yake zikitolewa mtandaoni. Miongoni mwake ni ile ya University of East London, inayounganisha saikolojia chanya na saikolojia ya ukocha. Walengwa walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, wale wale ambao elimu masafa iliwalenga tangu mwaka 1858.

4. Mazungumzo kama kiini cha elimu masafa

Je, elimu masafa yenyewe ilijifunza nini katika kipindi hicho? Ilijifunza kwamba karatasi haitoshi. Börje Holmberg, msomi wa Sweden aliyetokana na mazingira ya elimu ya posta, alishikilia kwamba elimu masafa iliyo njema ni mazungumzo yanayoongozwa. Michael Moore aliongeza, katika miaka ya 1970, kwamba umbali unaomtenga mwanafunzi na mwalimu si wa kilomita bali wa maelewano: darasa lenye mhadhiri asiyeulizwa swali linaweza kuwa mbali kuliko barua yenye majibu mazuri. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kinakumbukwa na wengi kwa vipindi vyake vya televisheni. Nguvu yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa wakufunzi wa maeneo waliosahihisha kazi kwa maelezo marefu, pamoja na kambi za masomo za kiangazi.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Kenya ilianzisha kitengo cha kozi za posta katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1967, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania ikaanzisha chombo cha taifa cha elimu kwa njia ya posta mwaka 1972. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuhimiza elimu ya msingi kwa wote, Tanzania iliwaandaa makumi ya maelfu ya walimu kwa masafa kuanzia 1976. Wanagenzi hao walisoma maandishi na kusikiliza redio huku wakifundisha darasani, na walikuwa na wakufunzi wa kuwaona wakifanya kazi. Makerere ilianza shahada za nje mwaka 1991. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Geoffrey Mmari, kikajenga mtandao wa vituo vya mikoa. Mwaka 2023 Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake.

Tofauti kati ya mifano hii na ile ya London ya 1858 haiko katika teknolojia. Iko katika bajeti: hapa mkufunzi wa karibu alihesabiwa kuwa sehemu ya mpango, pale hakuhesabiwa.

5. Mahali njia mbili zinapokutana

Shahada ya uzamili ya saikolojia ya ukocha huwa na sehemu mbili zisizo na uzito sawa mbele ya masafa. Nadharia, takwimu na mbinu za utafiti husafiri vizuri. Sehemu ya pili ni mazoezi: mwanafunzi hukutana na wateja wa mazoezi, huandika kumbukumbu na tafakuri, hufanya zoezi la watu watatu ambapo mmoja ni kocha, mwingine mteja na wa tatu mtazamaji, kisha humwonyesha msimamizi rekodi ya kikao. Hapa masafa hayana hasara peke yake. Rekodi inaweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma na kujadiliwa sentensi kwa sentensi, jambo ambalo msimamizi aliyeketi pembeni mwa chumba hawezi kulifanya. Lakini rekodi isiyosikilizwa na mtu haina faida. Programu inayopunguza gharama kwa kupunguza saa za usimamizi inarudi London ya 1858, na mwanafunzi wake atalazimika kujinunulia kocha ili ahitimu kuwa kocha.

Kuna pengo la pili ambalo historia ya Uingereza haikulijua, nalo ni lugha. Mwanafunzi wa Kigoma, Bujumbura au Bukavu aliyesajiliwa katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza anatakiwa kuwasilisha kikao ambacho msimamizi atakielewa. Ana njia mbili: kutafsiri kikao, na hivyo kupoteza toni, kimya na mkato wa maneno ambavyo ndivyo vinavyosimamiwa, au kuchagua wateja wanaozungumza Kiingereza, na hivyo kutowazoea watu atakaowahudumia baadaye.

Suala hili halimalizwi kwa kutafuta istilahi. Ukocha hutegemea swali wazi, na swali lina adabu yake. Kijana anayemuuliza mzee "unataka nini?" amekwisha kumvunjia heshima kabla ya kupata jibu, "kwa nini hukufanya?" husikika kama shutuma. Isitoshe, jamii za pwani zina mwongozaji wao wa siku nyingi, somo au kungwi, ambaye kazi yake ni kueleza na kuelekeza, si kuuliza. Mteja aliyelelewa katika desturi hiyo huja akitarajia kuambiwa. Namna ya kuipokea heshima hiyo bila kuigeuza kuwa amri ni ujuzi unaohitaji kusimamiwa na mtu anayeisikia lugha yenyewe.

6. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiungi mkono hofu kwamba shahada ya masafa ni duni kwa asili yake. Ukocha wa kisasa ulikulia kwenye simu. Wala haiungi mkono matumaini kwamba mtandao peke yake utaziba pengo. Inatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mamlaka za ithibati zihesabu saa za usimamizi wa mazoezi badala ya kuuliza tu kama masomo ni ya ana kwa ana. Tangazo la mwaka 2017 lililoifanya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu linatoa nafasi ya kuwa na kipimo kimoja, chini ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Pili, vituo vya mikoa vya vyuo vikuu huria vitumike kuwapa wasimamizi wanaojua Kiswahili hata wanafunzi waliosajiliwa nje, kwa makubaliano kati ya vyuo. Tatu, mipaka ya kazi ibainishwe kisheria. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Kocha naye anahitaji kujua ni wapi anapaswa kukomea na kumpeleka mteja kwa tabibu.

Gharama ya mkufunzi haikwepeki. Sera inaweza tu kuamua kama italipwa na taasisi inayotunuku shahada, na mwanafunzi anayeitafuta, au na mteja atakayeketi mbele ya mhitimu ambaye hajawahi kusikilizwa na mtu akifanya kazi yake.