Jina la Bububu ni kongwe kuliko gari la moshi

Keti kwenye baraza yoyote ya Mlandege, mjini Zanzibar, uulize kijiji cha Bububu kilipataje jina lake. Utajibiwa papo hapo: ni mlio wa gari la moshi, na anayejibu atautoa mlio wenyewe, bu-bu-bu, mashavu yakivimba. Kisa kitamu, na watembeza wageni wanakisimulia kila siku. Lakini si kweli.

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu reli ya Bububu ianze kazi. Sultani Sayyid Barghash alikuwa na yake kabla, ya kwenda kasri la Chukwani. Hii ya 1905 iliwekwa na Arnold Cheney, kampuni ya New York, maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita mitaa myembamba ambamo mtu aliweza kuligusa behewa akiwa mlangoni kwake.

Turudi kwenye jina. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, na humo anaeleza alivyoishi Bububu. Hiyo ni miaka 19 kabla ya reli ya Bububu. Wengine husema jina limetokana na maji yanavyobubujika, na mimi nawaunga mkono: maji ambayo Barghash aliuletea mji yalitoka kwenye chemchemi za upande huo. Gari ndilo lililochukua jina la kijiji.

Abiria ndivyo walivyo, huita usafiri kwa kile wanachokijua. Dar es Salaam mwaka 2012 waliita treni ya mjini kwa jina la waziri, Mwakyembe.

Serikali iliinunua reli yetu 1911, ikasimamisha abiria 1922. Barabara na motokaa zilishinda. Vyuma vikang'olewa, kikabaki kile kisa cha uongo, na ndiyo kumbukumbu pekee tuliyoitunza. Pale Ngome Kongwe, iliyokuwa bohari ya reli hiyo, sijaona hata kibao. Kiwekwe, na mwaka uandikwe sawasawa.

Leo njia ile ni ya daladala namba 502. Wanaoipanda wengi hawana haja ya namba. Konda hugonga bodi kwa kiganja, akaita: Bububu, Bububu, Bububu.